Shahada ya Uzamili katika Elimu na Mwalimu wa Kiswahili

Mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya akishahitimu shahada ya kwanza hujikuta mbele ya njia mbili za kuendeleza masomo yake. Ya kwanza ni uzamili katika Kiswahili. Ya pili ni uzamili katika elimu. Kwa kuwa zote mbili huitwa uzamili, na kwa kawaida kila moja huchukua miaka miwili, ya mihadhara kisha tasnifu, wengi huzidhani kuwa kitu kimoja. Dhana hiyo si sahihi, na aghalabu mwanafunzi huitambua baada ya karo kwisha kulipwa.

Tofauti ya kimsingi imo katika swali linaloulizwa. Mfano wa ngeli watosha kulidhihirisha jambo hili. Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili huuliza kwa nini nomino kama "kifaru", ijapokuwa ina umbo la KI-, hufuata upatanisho wa A-WA. Mwanafunzi wa uzamili wa elimu huuliza kwa nini kijana aliyefunzwa Kiswahili tangu darasa la kwanza angali anasema "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", na ni mpangilio upi wa mafunzo utakaomrekebisha. Swali la kwanza ni la mwanaisimu. La pili ni la mwalimu. Hakuna lililo duni, wala jibu la moja halitoshi kuwa jibu la jingine.

Haja ya kulijibu swali la pili si ya jana. Kitivo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilihamishiwa Kenyatta mwaka 1978, na Kenyatta ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Mwaka huo huo ulianza mfumo wa 8-4-4, ambao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, umeizidisha haja hiyo, kwani unamtaka mwalimu apime yale ambayo mwanafunzi aweza kuyatenda kwa lugha, si yale anayoyakumbuka tu.

Kwa upande wa kazi, uzamili wa elimu humwandaa mhitimu kwa uongozi wa shule, ukaguzi wa elimu, ukufunzi katika vyuo vya walimu, utungaji wa mitihani, na uandishi wa mitaala katika taasisi ambayo tangu mwaka 2013 huitwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Hata hivyo, shahada peke yake haimpandishi mwalimu cheo. Mwongozo wa Tume ya Kuwaajiri Walimu ulioambatana na mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021 ulitilia maanani pia tajiriba, tathmini ya utendakazi na kuwapo kwa nafasi. Katika vyuo vikuu nako, viwango vilivyotolewa mwaka 2014 viliweka uzamifu kuwa sifa ya mhadhiri kwa jumla; uzamili ni kizingiti cha mlango, haujawa ukumbi.

Aidha, liko suala ambalo idara za lugha haziwezi kulifumbia macho. Tasnifu za uzamili wa Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili, ilhali nyingi za uzamili wa elimu, hata zinazochunguza ufundishaji wa Kiswahili, huandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba istilahi za ufundishaji hazikomai katika lugha inayofundishwa, na mwalimu aliye darasani, ambaye utafiti ulifanywa kwa ajili yake, hupata shida kuutumia kwa lugha ya somo lake.

Dawa yake haihitaji mfumo mpya. Yatosha kila tasnifu ya namna hiyo iwe na wasimamizi wawili, mmoja wa elimu na mmoja wa Kiswahili, na mwanafunzi aruhusiwe kuiandika kwa Kiswahili. Naye mwalimu anayetaka kujiandikisha yampasa kwanza ajiulize ni swali lipi linalomkosesha usingizi: lugha ilivyo, au lugha inavyofunzwa. Akilijua hilo, atajua pia ni mlango upi wa kubisha.