Saa ya kuzamia kwa bei ya kutupa? Soma kwanza kabla hujatuma hela



Mshkaji wangu mmoja ni dereva wa watalii. Kila siku anashusha wageni kreta, anawaona na saa zao za chuma, roho inamuuma. Siku moja akaingia kwenye neti, akakuta "Rolex Submariner orijino" kwa dola 150. Akatuma tipu za msimu mzima! Mzigo ulifika kweli, ila baada ya wiki mbili kioo kikajaa mvuke na mishale ikagoma. Muuzaji hapatikani. Ndo basi tena.

Sasa tuelewane. Submariner ipo tangu 1953 na mpya leo inazidi dola 9,000. Halafu Rolex wenyewe hawauzi saa mpya mtandaoni, wanapitia maduka yao maalum. Kwa hiyo hiyo ya dola 150 ni nini? Jibu unalo.

Automatiki maana yake haina betri. Ndani kuna kipande cha chuma kinachozunguka mkono ukitikisika, kinakaza springi, springi inasukuma gia. Ukiivua siku mbili tatu inasimama, si ubovu. Mshale wa sekunde unateleza, haurukiruki kama wa betri. Ila angalia, feki nyingi nazo ni automatiki, kwa hiyo mshale peke yake si ushahidi.

Na kuzamia je? Kiwango cha ISO 6425 kinataka saa ihimili angalau mita 100 za maji na isomeke gizani. Sisi tutazamia wapi, Ziwa Magadi la kreta? Hahaha! Faida kwetu ni kile kidude cha pembeni cha kurekebishia saa: kwenye nyingi kinakazwa kama skrubu, vumbi haliingii.

Kabla hujatuma hela:
- Omba picha ya saa hiyohiyo ikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo.
- Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai hela yako, sio kumtumia mtu moja kwa moja.
- Piga hesabu ya usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT.
- Uliza nani ataifungua ikiharibika. Mafundi wengi wa mtaani ni wa kubadili betri.

Hela haitoshi? Seiko wanatengeneza za kuzamia tangu 1965, nao wana automatiki za bei nafuu kuliko Rolex kwa mbali sana.

Naomba kuwasilisha. Aliyewahi kulizwa amwage hapo chini, wengine wapone.