Mabedui na watu wa mitende: biashara ya kale ya Oman

Msafiri anayeondoka Maskati Alhamisi alfajiri kuelekea Sinaw, ukingoni mwa jangwa la Sharqiyah, hukuta sokoni watu wa namna mbili ambao tangu kale hawawezi kuachana: mabedui wenye mifugo, na wakazi wa mji wenye mitende na maji. Wanawake wa kibedui, nyuso zao zikiwa ndani ya barakoa, huuza na kununua bila kumwachia mwanamume kazi hiyo.

Chanzo cha uhusiano huo ni maji. Miji ya ndani hulima kwa mifereji ya kale iitwayo aflaj. Mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hayo hugawanywa kwa zamu, na hayatoshi kuotesha malisho ya makundi makubwa ya wanyama. Hivyo bedui alileta mbuzi, samli, kuni na mazulia ya sufi, akarudi jangwani na tende, mchele na kahawa. Ngamia wake, aliyekuwa lori la zama hizo, alibeba pia papa mkavu na dagaa kutoka pwani. Dagaa wengine waliliwa na ngamia wenyewe. Tende na papa wa namna hiyo ndio waliofika Unguja na Mombasa kwa majahazi ya kaskazi.

Hata hivyo, mhamaji na mkazi hawakutenganishwa na ukuta. Joto lilipozidi, familia nyingi za Wahiba zilitoka mchangani na kupiga kambi kando ya mashamba wakati wa mavuno ya tende, na baadhi yao zilikuwa na mitende yao wenyewe.

Mafuta, yaliyoanza kuuzwa nje mwaka 1967, na barabara zilizojengwa baada ya 1970, vilivuruga mizani hiyo. Leo ngamia ndiye anayepakiwa kwenye gari kupelekwa sokoni. Maji huletwa kwa lori, chakula cha mifugo hununuliwa kwa fedha taslimu, na mara nyingi mshahara wa kijana aliyeajiriwa jeshini au katika visima vya mafuta ndio unaolisha kundi la baba yake.

Mbuzi kutoka Somalia nao hushusha bei. Lakini katika mnada wa Ijumaa mjini Nizwa, hasa kabla ya Idi, wanunuzi huzunguka wakiwapapasa wanyama mbavu na kuwakagua meno, na mbuzi wa kienyeji bado hulipiwa zaidi.