KUPAKA GITAA MAFUTA: UZURI WAKE NA HATARI YAKE

Mwaka huu nimeonelea nieleze jinsi ya kupaka mafuta kiwiliwili cha gitaa la umeme. Najua kuna mwenzangu atakayecheka na kuuliza, "Ati gitaa nalo lapakwa mafuta kama mtoto mchanga?" Naam, hupakwa, tena likapendeza. Lakini mafuta haya yana hatari ya moto, na hiyo hasa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Gitaa la kawaida lina tumbo wazi la kukuza sauti. La umeme halihitaji tumbo. Nyuzi zake za chuma hutetemeka juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, umeme kidogo ukazalika ndani ya waya huo na kupelekwa kwenye amplifaya. Ndiyo maana kampuni ya Fender iliweza kuuza gitaa la ubao mzima, usio na uwazi, mnamo 1950. Letu hapa shuleni, lililochongwa katika karakana ya useremala, ni la mahogani.

Kwa nini tusipake vanishi? Vanishi hukaa juu ya mbao kama kioo. Ikikwaruzwa, kuirekebisha ni kazi kubwa. Mafuta huingia ndani ya mbao. Likitokea kovu, unasugua pahali hapo, unapaka tena, kwisha! Hata hivyo tusidanganyane: mafuta hayazuii maji wala vishindo kama vanishi.

Tena si mafuta yoyote tu. Ya nazi hayafai kwa sababu hayakauki. Yanayotakiwa ni ya mbegu za kitani, ambayo mafundi huyaita linsidi. Mabichi huchukua siku nyingi kukauka. Yale yanayouzwa kwa jina la "yaliyochemshwa" yametiwa dawa ya kuyaharakisha, nayo hukauka kwa muda wa siku moja hivi.

Hapa ndipo penye siri. Maji hukauka kwa kugeuka mvuke na kwenda zake. Linsidi haiendi popote. Huvuta oksijeni hewani, chembe zake zikashikana mpaka ikawa ngumu. Na kama tujuavyo sisi wa darasa la kemia, mwungano huo hutoa joto. Liwekeni neno hilo akilini.

Sasa tuanze kazi. Toa nyuzi, shingo, sumaku na vitufe vyote. Sugua mbao kwa msasa namba 120, halafu 180, halafu 220, ukifuata mkondo wa mbao. (Msasa asili yake ni mti, majani yake hukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao.) Pitisha kitambaa chenye maji kidogo ili vinyuzi vya mbao visimame. Mbao ikikauka, sugua tena kwa 220, kisha futa vumbi lote.

Kwa mpako wa kwanza, changanya linsidi na tapentaini nusu kwa nusu ili ipenye vyema. Madirisha yawe wazi. Paka kwa kitambaa, ngoja dakika 15 au 20, kisha futa mafuta yote yaliyobaki juu. Nasema yote! Ukiyaacha mazito, yatafanya utando kama wa maziwa, hewa isifike chini, na gitaa litanata hata wiki nzima. Ngoja siku moja, upake tena bila tapentaini. Mipako 3 au 4 inatosha. Mwishowe liache gitaa wiki moja au zaidi kabla ya kulifunga nyuzi.

Je, vile vitambaa tumevitupa wapi? Juu ya gitaa mafuta ni membamba, kwa hivyo joto lake hupotea hewani. Kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa pipani hulifungia joto hilo ndani. Joto huongeza kasi, kasi huongeza joto, na baada ya saa chache kitambaa chaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Si hadithi hii, bwana. Tarehe 23 Februari 1991, huko Philadelphia, Marekani, jumba la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 liliungua. Moto ulianzia ghorofa ya 22, kwenye vitambaa vya linsidi vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakishughulikia mbao. Wazimamoto 3 walikufa.

Karakana yetu imejaa maranda na unga wa mbao, na bweni wanamolala wenzetu haliko mbali. Basi tandaza kila kitambaa peke yake nje, juu ya kamba au saruji, mpaka kikauke kikavu kama kadibodi, ndipo ukitupe. Ama kizamishe ndani ya mkebe wa chuma uliojaa maji, ufunike. Sisi tumekubaliana na mwalimu wetu wa useremala kwamba anayefunga mlango ndiye anayehesabu: vitambaa vilivyotolewa viwe sawa na vilivyoanikwa. Kikipungua kimoja, mlango haufungwi mpaka kipatikane.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Pakeni magitaa, viti na hata meza zenu, lakini msiende kulala kabla ya kuvihesabu vitambaa.