Usirudi Mwanzo Kila Unapokosea

Msikilize anayejifunza piano akifanya mazoezi nyumbani. Mwanzo wa wimbo unatoka vizuri, anajikwaa palepale alipojikwaa jana, kisha anarudi mwanzo. Wiki mbili baadaye mwanzo umenoga kwelikweli, na pale penye shida hapajasogea hata kidogo. Mkono hushika chochote unachorudia, kosa likiwemo, kwa hiyo anayekwama na kurudi mwanzo kila mara anaufundisha mkono wake kukwama.

Chukua Minueti ya G Meja, ambayo karibu kila mwanafunzi huipitia. Imo katika daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena, mke wa Johann Sebastian Bach, na kwa miaka mingi watu walidhani ni ya Bach mwenyewe, kumbe mtunzi wake ni Christian Petzold. Katika vipimo viwili vya kwanza, yaani visehemu vinavyotengwa na mistari ya wima, mkono wa kulia hauhami: kidole gumba kiko G, kidole cha mwisho kiko D, na noti zote zimo katikati. Kipimo cha tatu kinapoanza, mkono unapanda ghafla. Kidole cha kati kinatakiwa kitue E na gumba lifike C, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Basi fanyia mazoezi noti mbili tu: ya mwisho ya kipimo cha pili na ya kwanza ya kipimo cha tatu. Piga G kwa gumba, hamisha mkono, kisha tulia juu ya E bila kubonyeza. Tazama kama gumba limeshafika juu ya C. Likiwa limefika, bonyeza. Rudia taratibu hadi mkono uende wenyewe bila macho kuuongoza, ndipo uongeze noti moja ya nyuma na mbili za mbele. Kasi nzuri ya mazoezi ni ile ambayo hukosei, hata ikiwa ya kobe. Mkono wa kushoto nao ushughulikie peke yake kwanza.

Kurahisisha namna hiyo kunafaa pia kwenye skeli. Skeli ya C, yaani noti nyeupe kwa mfululizo kutoka C hadi C, huwachosha wengi kwa sababu wanaanza kwa kupandisha mikono yote miwili pamoja. Mkono wa kulia unapitisha gumba chini kufikia F, wa kushoto unavusha kidole cha kati juu ya gumba kufikia A, na akili inavutwa huku na kule. Anza kinyume chake. Weka magumba yote mawili kwenye C ya katikati, kisha mkono mmoja uende kulia na mwingine kushoto. Vidole, ukihesabu gumba kuwa 1 na kidole cha mwisho kuwa 5, vinalingana hatua kwa hatua: 1, 2, 3, halafu 1, 2, 3, 4, 5. Ni faraja kubwa kwa anayeanza.

Kuhusu muda, Chopin, aliyefundisha piano kwa miaka mingi mjini Paris, aliwaonya wanafunzi wake wasizidishe saa tatu kwa siku. Anayeanza hahitaji hata saa moja. Dakika 20 kila siku, akili ikiwa imetulia, zinamfaa kuliko saa tatu za Jumamosi.

Kwetu wengi huanzia kwenye kinanda cha kanisani, na wanaotoka kwaya wana hazina: sikio lililozoea do, re, mi hugundua noti mbaya kabla ya mwalimu. Ila kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani kupandisha au kushusha wimbo mzima, na wapo wapigaji wanaopiga kila wimbo kwa C huku kitufe hicho kikiwafanyia kazi iliyobaki. Mwanzoni kiache kabisa. Ukishaizoea C, jifunze G, yenye noti nyeusi moja tu, F kali, kisha F, ambayo nayo ina moja, B bapa. Upige wimbo uleule unaoujua katika funguo zote tatu, polepole, mkono mmoja mmoja.