Kupunguza unene: tuanze na kamba kabla ya saa na mikanda

Kwetu Kalemie mtu akinenepa, watu husema Mungu amemwona. Akipungua, wanamwuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Hata mchungaji mwembamba hudhaniwa kwamba waamini wake hawamtunzi. Tena tuko katika mkoa ambako ndugu wengi waliokimbia vita bado wanalala njaa, kwa hiyo habari ya kupunguza uzito inaweza kushangaza. Lakini mazishini tunasikia sana maneno matatu: tansiyo, sukari, kupooza. Unene ni mmoja wa milango ya magonjwa hayo, na baba au mama wa nyumba akianguka, watoto wanaweza kuacha masomo mwezi huohuo.

Tuseme kwanza jambo la lazima. Mtu anayepungua pasipo kutafuta, anayekohoa wiki mbili, au anayesikia kiu na kukojoa mara nyingi, asipongezwe. Apelekwe hospitali apimwe kifua kikuu na sukari.

Ni nani basi aliyezidi? Hakuna haja ya mashine. Chukua kamba, ipime toka kisigino hadi utosi, ikate, uikunje katikati. Toa pumzi, usivute tumbo ndani, uizungushe kiunoni karibu na kitovu. Ikiwa ncha hazikutani, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, na mafuta ya tumboni yameanza kuwa hatari kwa moyo. Tangu 2022 taasisi ya afya ya Uingereza iitwayo NICE inawashauri watu wazima wajipime kwa nusu hiyo. Mama mjamzito kipimo hiki hakimhusu.

Kazi kubwa iko kwenye sahani. Bugali wa mihogo ni wanga karibu mtupu. Haumdhuru mvuvi aliyevuta nyavu ziwani usiku kucha. Shida ni sisi tunaokaa kwenye kiti toka asubuhi na kula kipimo cha mvuvi. Bugali upungue kwa theluthi, lengalenga, maharage na ndagala viongezeke. Kuhusu mawese, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina kalori karibu 120, ambazo mtu huzimaliza kwa kutembea karibu nusu saa. Sombe inayoogelea katika mafuta imeacha kuwa mboga, mama zetu watusamehe.

Halafu kuna sukre. Waprotestanti tunafurahi kwamba hatunywi bia, lakini arusini mtu anafungua chupa tatu za soda bila kuhesabu. Chupa ya mililita 300 mara nyingi ina sukari gramu 30 hivi, karibu vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku nzima. Kwa familia nyingi, kurudisha maji mezani kunatosha kuwa mwanzo.

Sasa vyombo. Vijana wanapenda saa na simu zinazohesabu hatua, na wengi wanaamini lazima wafikishe 10,000. Hesabu hiyo haikutoka kwa madaktari. Ilitoka Ujapani mwaka 1965, katika jina la kifaa cha biashara kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Utafiti wa Marekani wa 2019 juu ya wanawake wazee ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na 7,500. Kwa hiyo anayeshuka kwenye pikipiki mapema na kumalizia safari kwa miguu amekwisha kuanza, awe na saa au asiwe nayo. Saa inamsaidia yule anayependa kuona hesabu yake. Mkanda wa kutoa jasho hausaidii: unaondoa maji, nayo yanarudi kwa kikombe cha kwanza. Chai za kuharisha ni vilevile, na zinaweza kudhuru.

Mtu asikate tamaa kwa kuwa hawezi kuondoa kilo 30. Katika utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito, pamoja na mwendo wa dakika 150 kwa wiki. Waliougua walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kilo 6 na kidogo.

Wengine wanatuuliza juu ya mfungo wa Danieli. Tunawaomba wasome sura ya kwanza mpaka mstari wa 15: vijana wale walimaliza siku zao wakiwa wamenenepa kuliko wenzao! Danieli hakutafuta kiuno, alikataa kujitia unajisi. Kufunga ni sala. Tena anayefunga mchana na kula sahani mbili za bugali saa nne usiku hatapungua. Naye mwenye kisukari anayemeza dawa au kudungwa insulini asifunge hata siku moja kabla ya kuongea na daktari wake, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafula akazimia. Wachungaji na wazee wa kanisa wanaotangaza mfungo waliseme hilo palepale madhabahuni.