Asali ya Mau na Mtoto Mchanga

Kila twendapo Mariashoni, katika msitu wa Mau, Nakuru, wanetu huacha michezo wakainua macho. Mrina asali wa Kiogiek huukwea mti hadi kwenye mzinga wa gogo la mtarakwa, akafukiza moshi, akashusha masega. Watoto hutafuna, hutema nta, na vidole hulambwa hadi jioni.

Safari hii tulikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Bibi yake, aliyetutembelea kutoka Mombasa, alichovya kidole katika asali ili amlambishe. Kwani Surat An-Nahl, sura yenye jina la nyuki, hutufunza kwamba asali ni shifa. Tulimshika mkono kwa adabu. "Mama, twakuomba, angoje atimize mwaka."

Shifa hiyo hatuikanushi. Lakini asali, hata iliyo safi, huweza kubeba mbegu za vijidudu, na utumbo wa mtoto aliye chini ya miezi 12 haujakomaa kuvizuia. Humea humo, vikatoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hufunga choo, hulia kwa sauti dhaifu, hushindwa kunyonya. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja. Kuichemsha asali jikoni hakuondoi hatari.

"Na tahniki je?" akauliza Bibi. Tukamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) aliifanya kwa tende.

Akatabasamu, akakilamba kidole mwenyewe. "Basi hii ni riziki yangu. Yake mwekeeni."

Tumemwekea chupa moja kabatini.