Aliyeitwa na Aliyeandikwa

Tarehe 9 Machi 2020 mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori, alifariki. Katiba yetu, ibara ya 101, imepanga kinachofuata: ndani ya siku 21 Spika aiandikie tume ya uchaguzi kwamba kiti ki wazi, na uchaguzi mdogo ufanyike kabla ya siku 90 kupita. Korona ikaingia katikati, tume ikaahirisha chaguzi, na watu wa Ukunda, Gombato, Kinondo na Ramisi wakapiga kura tarehe 15 Desemba, miezi tisa baada ya msiba. Wakamchagua Feisal Bader, mgombea huru. Wengi wanaikumbuka kampeni ile kwa misafara ya vigogo wa kutoka bara. Mimi kazi yangu ni makaratasi ya kale ya serikali, na jicho langu lilikuwa kwenye ile barua ya Spika.

Barua ya namna hiyo ina ukoo mrefu, na ukoo wenyewe unaanzia Uingereza ya karne ya 13. Mwaka 1215 mabwana wakubwa walimlazimisha Mfalme John akubali, katika hati iitwayo Magna Carta, kwamba akitaka kuwatoza kodi mpya atawaita kwa barua, awape notisi ya siku 40 au zaidi, na aseme sababu ya kuwaita. Mfalme alikufa mwaka uliofuata, na hati ilipotolewa upya kifungu hicho kilikuwa kimeondolewa. Hata hivyo desturi ya kuita kwa maandishi ilishika. Mwaka 1295 Mfalme Edward I, akihitaji fedha za vita, aliita watu wa daraja zote: maaskofu na mabwana kila mmoja kwa barua yake, na kwa watu wa kawaida akawaandikia maofisa wake wa kaunti wasimamie kuchaguliwa kwa wawakilishi wawili wa kila kaunti, wawili wa kila jiji, na wawili wa kila mji wenye hadhi.

Barua hizo hazikupelekwa hivi hivi tu. Kabla ya kutoka, makarani wa ofisi ya Chansela walizinakili kwenye vipande vya ngozi ya kondoo vilivyoshonwa kimoja chini ya kingine, kisha vikakunjwa kama mkeka. Barua zilizotumwa wazi, muhuri wa nta ukining'inia, zilikuwa na msokoto wake. Zilizokunjwa na kufungwa kwa muhuri zilikuwa na wake. Wito wa bunge unapatikana katika msokoto wa barua zilizofungwa. Misokoto hiyo ilianza enzi za John na ipo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London.

Kwetu pwani wito ulikuwa wa mbiu, na likilia la mgambo kila mtu alijua lina jambo. Lakini mbiu haina nakala. Ikishalia imekwisha, na baada ya miaka mia hakuna awezaye kuthibitisha nani aliisikia na nani alifika.

Huko Uingereza, kilichoandikwa nyuma ya barua ndicho kilichokuwa na uzito. Ofisa wa kaunti alipaswa kuirudisha ikiwa na majina ya waliochaguliwa na ya wadhamini wao. Hapo ndipo ujanja ulipoingia. Maofisa walishtakiwa mara kwa mara kwa kuandika majina ya rafiki zao, wengine bila uchaguzi wowote kufanyika. Mwaka 1406 ikapitishwa sheria kwamba majina yaandikwe kwenye hati maalum, wachaguzi wenyewe waitie mihuri yao, nayo ifungwe pamoja na barua ya mfalme. Aliyewahi kuwa wakala wa mgombea katika kituo cha kura pale Diani au Msambweni, akatia sahihi fomu ya 35A usiku wa manane macho yakimwasha, ameifanya kazi ileile. Ofisa haaminiwi peke yake, kwa hiyo waliokuwapo hutia mkono wao.

Marupurupu nayo si jambo la jana. Mjumbe wa kaunti alilipwa shilingi 4 kwa siku na wa mji shilingi 2, na waliolipa ni wale wale waliomtuma, si mfalme. Ndiyo maana kuna miji iliyoona heri isiitwe. Torrington, mji wa Devon, uliomba kusamehewa, na mwaka 1368 ukakubaliwa.

Mabwana wakubwa walikuja kufaidika na nakala zile za barua kwa njia ambayo wale makarani hawakuiwaza. Barua ya mwaka 1295 au 1299 ilimwita mtu kwenye mkutano mmoja tu, ukiisha basi. Lakini kuanzia karne ya 17 wanasheria walishika msimamo kwamba babu akiwa aliitwa kwa jina lake na akaketi bungeni, cheo kile ni urithi wa kizazi chake. Familia zikarudi kwenye ile misokoto kutafuta jina la babu. Aliyelikuta akawa baroni. Ambaye babu yake aliketi lakini karani hakumwandika, hakuwa na la kusema.

Hapa ndipo ninapoifikiria Kwale, kaunti yenye Msambweni. Chini ya mkataba wa mwaka 1895, Waingereza walitawala ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na kumlipa pauni 11,000 kwa mwaka. Miezi hiyohiyo Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Gazi, alikuwa vitani nao, na mwaka 1896 alikimbilia upande wa Wajerumani. Miaka 12 baadaye ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Ule nao ulikuwa wito: kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani ajitokeze katika muda uliowekwa, alete madai yake, yasikilizwe na kuandikwa. Ardhi isiyodaiwa na mtu ingehesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza.

Wito ule uliwafaa waliozoea karatasi. Mtu wa mjini mwenye hati ya kununulia iliyopita kwa kadhi alijua pa kwenda na cha kushika mkononi. Mdigo ambaye ardhi yake ilikuwa ya fuko, yaani ukoo, shahidi wake ni minazi aliyopanda babu na wazee wa kaya, hakuwa na karatasi ya kuonyesha, na wengi wito haukuwafikia kabisa. Kazi yenyewe haikukamilika pwani nzima. Hata hivyo kanuni ya "kisichodaiwa ni cha Serikali" ilibaki kitabuni, na ni mojawapo ya mizizi ya mizozo ya maskwota tunayoisikia barazani kila msimu wa kura. Babu hakuandikwa, mjukuu akawa mvamizi kwenye shamba alilozaliwa.

Najua wazee wanaosema makaratasi ya zamani ni mambo ya wazungu. Siwalaumu, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyowaumiza. Lakini mahakamani na mbele ya tume ya ardhi, hoja ya ardhi hudai ushahidi, na mwingine wa huo ushahidi umelala kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899, na kwenye majalada ya wilaya katika Hifadhi ya Nyaraka, Barabara ya Moi, Nairobi. Anayekwenda kutafuta habari za miaka ile ya mwanzo na akaomba jalada la "Kwale" anaweza kurudi mikono mitupu. Aombe Vanga. Hilo ndilo lilikuwa jina la wilaya wakati ule, na mkoa wake uliitwa Seyidie.